Kabla hujajenga nyumba ya upepo Mtwara au Lindi

Mtu akipata kiwanja huku kitu cha kwanza anauliza barabara iko wapi ili nyumba itazame huko, mimi naomba kabla fundi hajafunga kamba za msingi ujue kwanza jua linapita wapi na upepo unatokea wapi, manake kwetu hivi viwili vinaelewana vizuri sana. Tuko kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Februari mpaka karibu mwisho wa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Kusi nayo inavuma kutoka kusini na kusini mashariki katikati ya mwaka, kaskazi inakuja kuanzia Desemba hivi, sasa ukilaza nyumba kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini unadaka pepo zote mbili, na jua la asubuhi na jioni linapiga kuta fupi tu. Magharibi usiweke dirisha kubwa kabisa, jua la saa kumi litakufuata mpaka kitandani.

Upenu wa kaskazini usiubanie. Ukitoka sentimita 60, saa sita mchana mwezi wa sita kivuli kinashuka kama sentimita 90 tu, dirisha la mita 1.2 bado linachomwa, hapo ndo uzuri wa kujenga baraza upande huo.

Kila chumba kiwe na pa kuingilia hewa na pa kutokea, dirisha moja halitoshi hata liwe kubwa vipi. Na yale madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu, ulizia ya kufunguka lote. Nyavu za mbu lazima, ila zioshe, vumbi likijaa upepo haupiti. Bati chagua la rangi nyeupe, weka silingi bodi na matundu ya hewa juu yake ili joto la darini litoke.

Upenu mrefu una hatari yake lakini. Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952, na Kenneth mwaka 2019 kilituweka roho juu kabla hakijaingia Msumbiji, kwa hiyo kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zifungwe kwa chuma mpaka kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, misumari peke yake usiiamini.

Kwa wa Newala kule juu kwenye uwanda wa Makonde, usiku wa Juni na Julai ni baridi, madirisha yafunge vizuri. Na huku pwani bajeti ya feni iwepo tu, maleleji ya Oktoba na Novemba kusi imeisha, kaskazi haijashika, na jua liko utosini.