Balladonia hadi Caiguna kwa baiskeli ukiwa peke yako: siku ya kwanza

Kijana mmoja wa Moshi anayesoma hapa Perth aliniomba nimsaidie kupanga safari ya kuvuka Nullarbor, uwanda mkavu wa kusini mwa Australia, kwa baiskeli, yeye peke yake. Kipande kilichotutoa jasho kwenye ramani ni cha kutoka kituo cha mafuta cha Balladonia hadi kile cha Caiguna, barabara kuu ya Eyre: kilomita 182 bila duka wala bomba. Ndani yake mna ule mnyoosho wa kilomita 146.6 usio na kona hata moja. Wapo wanaokimaliza kwa siku moja. Mimi nakigawa mara mbili, na hapa naeleza siku ya kwanza, maana ndiyo yenye mzigo mzito. Nenda kati ya Aprili na Septemba. Desemba na Januari joto huweza kupita nyuzi 40, na kivuli huko ni haba.

Hatua ya 1: Maji, jioni kabla ya kuondoka

Beba lita 10. Ndiyo, ni kilo 10, na ndiyo, baiskeli itayumba kilomita za mwanzo. Chupa mbili za fremu ni za kunywa njiani. Yaliyobaki yaingie kwenye mifuko ya ndani ya maboksi ya mvinyo. Hakuna kifaa cha dukani kinachoishinda: ni miepesi, migumu kupasuka, na ikiisha maji unaikunja. Mimi sinywi, jirani yangu anakunywa, tunasaidiana. Ilaze chini, kwenye mabegi ya mbele, usiifunge juu ya keria.

Uliza kabla ya kujaza. Kwenye vituo vya mafuta vya huku maji ya bomba mara nyingi ni ya kisima, yana chumvi, na pengine wenyewe wanayanunua. Matangi ya mvua utakayoyaona kwenye sehemu za kupumzikia yahesabu kuwa matupu. Ukiishiwa kabisa, simama pembeni ukiwa umeinua chupa tupu juu. Wazee wanaozunguka nchi na nyumba zao za kuvutwa na gari watasimama.

Hatua ya 2: Kuondoka

Usiku angalia utabiri wa upepo. Ukiwa mkali na unatoka mashariki, yaani unakokwenda, lala Balladonia siku nyingine, katazame mabaki ya Skylab, kituo cha anga za juu cha Marekani kilichoanguka pande hizi mwaka 1979. Kupigana na upepo ule na kilo 10 za maji si ushujaa.

Saa 11 alfajiri mizigo iwe imefungwa, lakini usipande mpaka kupambazuke, kwa sababu ya kangaruu. Ukiacha kituo, mtandao wa simu unakufa. Kwa hiyo kile kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti, cha 406 MHz, kisajili (ni bure) na ukivae mwilini. Kikikaa begini na wewe umerushwa mtaroni, hakina kazi.

Hatua ya 3: Malori

Lori na matrela yake hufikia mita 36. Funga kioo cha kutazamia nyuma kwenye usukani. Kanuni ni moja: lori likija nyuma na jingine mbele, na ukaona yatakutana ulipo, shuka kwenye changarawe. Usingoje honi. Nina redio ndogo ya UHF. Madereva huongea chaneli 40, na wakijua upo wanakuachia nafasi.

Hatua ya 4: Pancha isiyoisha

Arthur Richardson alivuka huku kwa baiskeli mwaka 1896, wakati hakuna barabara. Sisi tuna lami njia nzima tangu 1976, kwa hiyo tairi pana la michangani ni mzigo wa bure. Weka tairi la Schwalbe Marathon Plus, na tyubu yenye valvu ya gari, si ile nyembamba. Valvu ya gari inajazwa na pampu ya kituo chochote na ya dereva yeyote wa lori. Hapo sibadiliki.

Mbigiri tunazijua tangu utotoni, na Australia zipo, mmea ule ule. Baiskeli ukiitoa lamini, ibebe, usiisukume. Lakini adui mkubwa wa Eyre ni waya. Tairi la lori likipasuka hutapakaza vipande pembezoni, na ndani yake mna nyuzi za chuma nyembamba mno. Uzi ukikuingia husikii kitu. Tairi linapungua polepole, unaziba, unajaza, kilomita chache mbele liko chini tena. Mchana mzima uliwahi kuniishia hivyo, kwa uzi mfupi kuliko punje ya mchele.

Fanya hivi. Sogea mbali na barabara, kwanza. Maandishi ya tairi yawe yamepangwa sawa na valvu tangu nyumbani: ukipata tundu la tyubu, unapima kutoka kwenye valvu na kujua waya uko wapi kwenye tairi. Kulitafuta tundu kwa sikio hakuwezekani penye upepo, na maji ya beseni huna. Jaza tyubu hadi ivimbe, ipitishe karibu na mdomo, midomo huhisi hewa haraka kuliko kidole. Alama kwa kalamu. Kisha pitisha pamba taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, pande zote mbili. Pamba ikinasa, hapo hapo. Kidole usitumie, waya huo unachoma, na mara nyingi kidole kinaupita. Ung'oe kwa kibanio cha nyusi, halafu pitisha pamba tena, kwani huenda yuko na mwenzake.

Usizibe juani. Weka tyubu ya akiba, ile mbovu izibe jioni ndani ya hema. Kwenye joto solusheni hukauka juu kabla haijashika: paka nyembamba, ngoja ising'ae, ndipo uweke kiraka. Na mrija wa solusheni ukishafunguliwa haudumu, kwa hiyo beba midogo mitatu badala ya mkubwa mmoja.

Hatua ya 5: Kula, kulala

Chapati na siagi ya karanga. Chandarua cha usoni kwa ajili ya nzi.

Kwenye kilomita 100 hivi, jua likiwa bado juu kidogo, ingia vichakani mpaka taa za malori zisikufikie. Hema, viraka, usingizi. Kesho yake ni kilomita 80 na mzigo mwepesi. Na ukivuka Caiguna kuelekea mashariki, sogeza saa mbele dakika 45, la sivyo utafika Cocklebiddy ukute jiko limefungwa.