Anza na Kamba: Kusoma Historia ya Wanyama wa Mjini Kupitia Picha

Kila Jumamosi asubuhi nawachukua vijana wa darasa langu la kuchora, tunateremka mjini Kampala na madaftari kwapani. Siku moja nilipoyakusanya madaftari jioni, niligundua kwamba katika michoro yote ya barabara ile hakuna aliyemchora mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya umeme, wala kaloli, wale korongo wakubwa wenye kipara, waliojipanga juu ya paa, wala mbwa aliyelala chini ya meza ya muuza chapati. Wote walikuwa mbele ya macho yetu asubuhi nzima. Tangu siku hiyo nikaanza kufundisha namna ya kuwaona wanyama wa mjini, katika picha za zamani na katika mitaa yetu.

Unahitaji daftari, penseli laini, simu yenye kamera na chenji mfukoni. Tenga siku mbili.

Kanuni ni moja: kabla hujamtazama mnyama, tafuta kamba yake. Ninaposema kamba nina maana ya chochote kinachomuunganisha na binadamu: mnyororo, mkanda wa shingoni, ua, bakuli, mkono uliomshika, hata jalala. Mbwa wa miaka elfu mbili iliyopita ana mkia na masikio kama wa jirani yako. Kamba ndiyo inayobadilika kutoka zama hadi zama.

Hatua ya 1: Mwaga sarafu mezani

Chukua sarafu ya shilingi 50, ya 100, ya 200 na ya 500, za toleo lililoanza 1998. Kwenye 50 kuna kichwa cha swala, kwenye 100 ng'ombe wa pembe ndefu, kwenye 200 samaki, kwenye 500 korongo mwenye taji. Zichore zote nne kwa ukubwa wa kiganja. Usiharakishe ile ya 100. Kwenye sarafu iliyochakaa pembe ndiyo ya mwisho kupotea, na kuifuata mkunjo wake kwa penseli ni zoezi zuri la mkono.

Sasa tafuta kamba. Hakuna. Wanyama wa sarafu hawana mwenyewe. Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza, binti mmoja aliinua mkono: "Mwalimu, mbona hakuna mbwa? Mbona hakuna kuku?" Liandike swali lake juu ya ukurasa, tutalirudia.

Hatua ya 2: Soma nembo

Hapa usikae sana. Jina la Kampala lenyewe linaelezwa kuwa limetokana na kilima cha swala pala, mahali Kabaka, mfalme wa Buganda, alipowindia. Korongo yuko katikati ya bendera tangu Oktoba 1962, na kwenye nembo ya taifa amesimama upande mmoja, swala upande wa pili. Andika tu nani amepewa heshima, uendelee.

Hatua ya 3: Zoeza jicho kwa picha mbili za mbali

Zote zinapatikana bure kwenye mtandao wa intaneti. Zifungue kwenye simu, uzikuze.

Ya kwanza ni chiriku aliyechorwa na Carel Fabritius mwaka 1654, mwaka uleule mchoraji alipokufa katika mlipuko wa ghala la baruti mjini Delft, Uholanzi. Picha iko katika jumba la Mauritshuis, Den Haag, nayo ni ndogo, sentimita 33.5 kwa 22.8. Utamwona ndege juu ya kijiti mbele ya kisanduku cha chakula, ukuta mweupe nyuma yake. Mwanafunzi asiyezoea atasifu manyoya. Wewe shuka miguuni. Kuna mnyororo mwembamba kama uzi, umeungana na pete inayoteleza kwenye kijiti. Waholanzi wa mjini waliwafuga chiriku hawa na kuwafundisha kuvuta maji kwa kindoo kidogo cha kuning'inia, na jina lao kwa Kiholanzi limetokana na kazi hiyo ya kuteka maji. Kwa hiyo mnyororo ule unatuambia mambo matatu: mji wenye watu wanaokaa ndani, wenye nafasi ya kumfundisha ndege mchezo, na wanaoona raha kumwona akihangaika kunywa. Mimi kila nikiitazama picha ile naumia, na nawaambia vijana wasione aibu kuumia. Mchoraji angeweza kuuacha mnyororo. Aliuchora pingili kwa pingili.

Ya pili ni michoro minne ya William Hogarth wa London, ya 1751, kuhusu hatua za ukatili. Anza na ule wa kwanza. Mtaa umejaa watoto, na kamba ziko kila mahali: mbwa amefungiwa mfupa mkiani, paka wametundikwa. Katikati ya vurugu kijana mmoja anatoa andazi lake ili mbwa aachiwe. Katika mchoro wa pili watoto wamekuwa watu wazima, na farasi wa gari la abiria ameanguka, anapigwa huku yuko chini. Nyuma yake punda amebebeshwa mzigo kupita kiasi, na kondoo anapigwa njiani. Hogarth aliichapisha kwa bei ya chini kwa makusudi, ili iwafikie watu wa mitaa ileile. Sheria ya Bunge la Uingereza iliyozuia kuwatesa farasi na ng'ombe ilipitishwa 1822, miaka 71 baadaye.

Tengeneza jedwali dogo: mnyama, kamba, nani ameshika ncha ya pili. Hiyo safu ya tatu ndiyo watu huisahau.

Hatua ya 4: Rudi Buganda, uliza mchoraji alisimama wapi

Februari 1862 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliingia ikulu ya Kabaka Muteesa I, iliyokuwa Banda, ambako leo ni ndani ya jiji, upande wa Barabara ya Jinja. Katika kitabu chake cha 1863 ameandika kwamba kando ya Kabaka kulikuwa na mbwa mweupe, mkuki, ngao na mwanamke, navyo anavitaja kuwa alama za ufalme.

Fungua ukurasa wa kwanza sasa, penye swali la yule binti. Mbwa ambaye hayumo kwenye sarafu, ambaye leo hupigwa mawe akipita sokoni, alikaa karibu na Kabaka kama alama ya enzi. Wanafunzi wangu hunyamaza hapa.

Lakini usiziamini picha za kitabu kile kabla hujauliza. Nyingi zilitokana na michoro ya mwenzake Speke, James Augustus Grant. Grant aliugua mguu, akabaki Karagwe, kwenye Tanzania ya leo, akafika kwa Muteesa mwezi Mei, miezi kadhaa baada ya mapokezi yale ya kwanza. Kisha michoro ikachongwa upya Uingereza kwa ajili ya kuchapwa. Basi kwa kila picha ya zamani andika: nani aliona, nani alichora, nani alichonga. Mnyama hupoteza kitu kila anapopita mkono mpya, na mara nyingi ni kamba yake.

Hatua ya 5: Tembea Mengo

Panda bodaboda hadi Bulange, jengo la bunge la Buganda, halafu tembea kwa miguu barabara ya Kabaka Anjagala kuelekea Lubiri, yaani ikulu ya Kabaka. Kandokando zimepangwa sanamu za miziro, yaani wanyama wa heshima, ya koo za Buganda: chui, kamongo, tumbili, nyati na wengine. Huyu ni mnyama wa namna nyingine kabisa katika mji. Kamba yake ni ukoo: anayemwita ndugu hamli. Mwombe mtu unayekutana naye pale akuambie mziro wake, ukae umsikilize. Hicho hukipati kwenye picha yoyote.

Kasubi nako kulikuwa na chui aliyekaushwa, akielezwa kuwa alifugwa na Muteesa I, akionyeshwa ndani ya nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka kabla ya moto wa Machi 2010. Chui huyo na yule wa miziro ni wa mji mmoja. Wachore ukurasa mmoja, uone tofauti.

Hatua ya 6: Vibao vya mtaani

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo nakuomba utumie siku yako ya pili karibu yote. Mafundi wa vibao wamechora wanyama wa Kampala kuliko wasanii wote wa majumba ya maonyesho, na kazi yao inafutika kila siku.

Anza na mageti. "Mbwa Kali", kwa Kiswahili, katika mji ambao majirani wanasemezana Kiluganda, pamoja na kichwa cha mbwa mwenye meno nje. Pompeii, Italia, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, kuna mozaiki ya mbwa mlangoni pa nyumba, amefungwa, na maneno ya Kilatini yenye maana ileile. Linganisha kamba: mbwa wa Pompeii ana mnyororo. Wa kwetu mara nyingi amechorwa kichwa tu, na geti ndilo kamba.

Kisha nenda kwenye mabucha na maduka ya dawa za mifugo. Eneo la Container Village, Nakivubo, ni pazuri kuanzia. Tazama ng'ombe. Mara nyingi nimemkuta wa pembe ndefu, wa kahawia, kwenye kibao cha nyama, na yule mweusi-mweupe asiye na pembe, ambaye watu humwita wa kizungu, kwenye kibao cha maziwa au dawa. Hizo ni historia mbili za chakula cha mji mmoja zikiwa ukutani.

Omba ruhusa ya mwenye duka kabla ya kupiga picha. Salamu kwanza, kisha sababu. Ili kukadiria umri wa kibao, hesabu tarakimu za simu: yenye 9 ni ya zamani kuliko yenye 10 tunazotumia sasa. Piga picha ya kibao kizima, kisha jicho la mnyama peke yake. Fundi humtambua kwa jicho: wapo wanaoweka nukta nyeupe juu ya mboni, wapo wanaoizungusha mstari mwekundu.

Usiseme kesho. Karibu na kwangu kulikuwa na fahali wa bucha, mwenye pembe zilizopita ukingo wa ubao hadi kwenye plasta ya ukuta. Nilimpita miaka mingi. Asubuhi moja ukuta wote ulikuwa umepakwa rangi za tangazo, na sina hata picha moja yake.

Hatua ya 7: Mchore kaloli

Malizia kwa mnyama aliye hai. Kaloli ni rahisi, kwani hatembei ovyo. Kaa mita kumi kutoka jalala. Anza na miguu, mistari miwili iliyonyooka. Ni myeupe kwa sababu ya kinyesi anachojimwagia mwenyewe ili apoe. Halafu mgongo, mstari mmoja wa kuinama, kisha mdomo, mzito kuliko unavyofikiri. Kichwa kipara na ule mfuko wa shingoni viache mwisho.

Halafu chora kamba yake. Hana mnyororo wala mwenyewe. Kinachomweka mjini ni mabaki ya machinjio na takataka zetu. Kwa hiyo usiliache jalala nje ya mchoro: maganda ya matoke, kavera, yaani mfuko wa plastiki, uliopasuka, unyayo wa mtu aliyetupa.

Nyuma ya karatasi andika tarehe, mtaa, saa, na jina la anayemjua mnyama huyo pale mtaani kama ameridhia uliandike. Tumia penseli. Wino wa kalamu hupenya hadi upande wa picha mvua ikikukuta njiani.