Mashine ya kufyekea: mita 15 kwanza

Wenye kampuni ndogo za bustani Tanzania, kabla fundi hajavuta kamba ya kuwasha mashine ya kufyekea, asafishe eneo: mawe, vipande vya waya, chupa, mifupa. Uzi wa plastiki unaokata nyasi unazunguka kwa kasi kubwa, na kokoto moja ikirushwa inaweza kupofua mtu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka watu wengine wakae angalau mita 15 mbali. Mlinzi wa geti na watoto wa mwenye nyumba wamo humo.

Ile ngao ya plastiki iliyo juu ya uzi isifunguliwe kamwe. Najua inaondolewa ili uzi mrefu zaidi uingie na kazi iishe haraka. Hapo mnauza macho na miguu ya kijana wenu, na mashine yenyewe inazidiwa mzigo. Miwani ya kinga, buti na suruali nzito ni vya lazima, kandambili hapana. Petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Vifaa hivyo mnunue ninyi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri asajili sehemu ya kazi OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na kuwakinga wafanyakazi wake, hata wakiwa wawili tu. Jisajilini pia WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Mchango wake hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa kijana.