"Noon" ni saa ngapi? Mwongozo kwa wanaopokea wageni Kigoma

Nafundisha Kiingereza cha kazi kwa vijana wa boti na wa mapokezi ya gesti hapa Kigoma. Neno linalowaponza wengi si gumu hata kutamka: "noon". Wanalichukua kuwa "mchana", basi. Nami liliniponza. Mgeni aliniandikia anataka boti Kibirizi "at noon". Nikasema moyoni, mchana, hamna shida. Nikafika saa nane kasoro, nimeshashiba ugali na migebuka, nikamkuta kakalia begi lake, mwekundu kama mawese.

Hatua ya kwanza: litenganishe na "mchana". Mchana wetu ni mpana, unaweza kuingiza humo hata safari ya saa tisa. "Noon" ni nukta moja tu: saa sita juu ya alama. Ikipita, tayari ni "afternoon", yaani baada ya noon.

Hatua ya pili: fahamu neno hili lilikotoka, halitakutoka tena kichwani. Hapa Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza. Warumi walihesabu saa za mchana kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, saa kumi na mbili mpaka linapozama. Saa ya tisa waliiita kwa Kilatini "nona hora". Naam, saa tisa, hii hii yetu ya alasiri! Kanisa likaweka sala wakati huo, na neno likaingia katika Kiingereza cha kale kwa maana hiyo. Baadaye sala ikawa inawahishwa. Sababu inayotajwa sana ni njaa: siku za mfungo watawa hawakula mpaka sala hiyo iswaliwe. (Waliofunga Ramadhani watawaelewa, ila magharibi yetu haivutwi.) Kufikia karne ya 14 neno lilikuwa limeshahamia saa sita, likiwa bado limebeba tisa tumboni.

Hatua ya tatu: litumie lilivyo. Sema "at noon", si "in the noon", na usilibandike "o'clock". "By noon" ni mwisho saa sita. Ndivyo mgeni anavyoambiwa arudishe ufunguo wa chumba. Ukitaka namba, andika "12 noon" na uachane na "12 p.m." Herufi hizo ni Kilatini cha "baada ya adhuhuri", na saa sita yenyewe haiko kabla wala baada, ndiyo maana wapo wanaoisoma kuwa usiku. Saa sita ya usiku ina neno lake, "midnight". Na saa tano na nusu bado ni "good morning", hata kama jua linachoma.

Hatua ya nne: usilipime kwa kivuli. Saa ya Tanzania nzima inafuata mstari wa digrii 45 mashariki, ulio nje kabisa ya nchi, huko baharini. Kigoma tuko karibu na digrii 30, na kila digrii ni dakika 4 za jua. Piga hesabu: kwetu jua linafika kilele karibu saa saba, Dar es Salaam likiwa limeshapita kama dakika 40. Ndiyo maana adhuhuri ya Ujiji huchelewa kuliko ya pwani. Mzee anayesoma kivuli cha mwembe hakosei jua lake, ila "noon" ya mgeni iko kwenye simu, saa nzima kabla.

Hatua ya tano: ubaoni andika zote mbili, "saa 6:00 mchana" na chini yake "12 noon". Mgeni akikutumia ujumbe wenye neno hilo peke yake, mrudishie "12:00?" na usijaze mafuta kwenye mashine mpaka ajibu.