SOMO: Ufukwe wa Pangani, pale mto unapoingia baharini

"Nifike Pangani saa ngapi?" limeulizwa tena, kwa hiyo nalijibu hapa mara moja. Saa inapangwa na bahari.

1. Fika Pangani mjini. Kutoka Tanga ni kama kilomita 50 kuelekea kusini.

2. Kofia, maji ya kunywa, viatu vyenye kamba. Ndala zinabaki kwenye tope la mikoko.

3. Jua maji. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko siku nyingine, huja siku moja mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi wa kumi na nne. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hujaa saa kumi jioni hivi, na kila siku huchelewa dakika kama 50. Toka kutembea mchangani masaa mawili kabla ya maji kupwa kabisa. Yakianza kurudi, geuka. Usingoje yakuguse miguu! Mchanga wa mlangoni mwa mto una mabonde: maji hujaza kwanza mkondo ulio nyuma yako, upande wa nchi kavu, wakati fungu la mchanga ulilosimama bado ni kavu. Ukiona maji yanapita kati yako na ufukwe, vuka yakiwa kwenye vifundo, picha acha. Na mlangoni hapaogelewi. Maji yakipwa, mto na bahari vinavuta upande mmoja, kwenda nje. Mtoni juu kuna mamba.

4. Mji wa kale, jua likiwa kali. Hapa ndipo watu walipomkatalia Emil von Zelewski wa kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, na hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Boma ni ofisi ya serikali, omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

5. Vuka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, panda kilimani. Mlango wote wa mto unauona.

MASWALI

Mgeni_wa_Bara: Mkuu, Jumamosi saa saba mchana inafaa?
— Hatua ya 3. Jumamosi ipi, mwezi uko wapi? Kama ni bamvua, saa saba maji yanarudi kwa kasi.

MamaWawili: Watoto waoge mlangoni kidogo tu, pembeni?
— Hapana dada, hata pembeni. Nendeni mbali na mto, maji yakiwa yamejaa na kutulia.

Kasa: Mbona maji ni ya kahawia, na juu yana ladha ya mtoni?
— Swali zuri. Mto unatoka Kilimanjaro na Meru, unakuja na udongo, hasa wakati wa masika. Maji matamu ni mepesi, hukaa juu; ya chumvi hupenya chini yake. Mto ukipungua, chumvi hupanda mbali zaidi, na wakulima wa kingoni wanaiona.

Nahodha_Mdogo: Mtembee kwa kukokota miguu majini. Samaki aitwaye taa hujificha mchangani, akisikia mguu anakimbia. Akichoma: maji ya moto kadiri mguu unavyovumilia, kisha hospitali.
— Kweli kabisa. Na mwiba ukiwa umeingia ndani, msiuchomoe ninyi wenyewe.

Kasa: Na mkonge wa ng'ambo, una historia?
— Sana. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa huku Pangani. Mkonge wa Tanganyika ulianzia kwenye hiyo 62.