Mashine pepe moja, laptopu thelathini: namna ya kuandaa na kufungasha

Ukiwa na darasa la watu 30 pale Chumbageni, Tanga, usimwache kila mmoja apakue Ubuntu Server (mfumo endeshi wa Linux) kwa bando lake. Andaa mashine pepe moja (kompyuta ya kiprogramu inayokaa ndani ya laptopu) kwenye programu ya VirtualBox, ifungashe kuwa faili la OVA, yaani faili moja lenye mashine nzima, kisha uigawe kwa fleshi. Kufungasha ni amri moja tu. Kazi yenyewe iko kwenye kuifutia mashine utambulisho wake.

Hatua ya 1: vipimo

Pima kwa laptopu dhaifu kuliko zote darasani. Ikiwa na RAM ya GB 4, ipe mashine MB 1536, prosesa 1 na diski ya GB 20 inayokua kadiri inavyojazwa. Mtandao uwe NAT (mashine hupita nyuma ya laptopu), na mlango 2222 wa laptopu uelekezwe kwenye 22 wa mashine, unaotumiwa na SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali). Usiuache kwenye "Bridged" (mashine huunganishwa moja kwa moja na ruta): jina la kadi ya mtandao ya laptopu yako litasafiri na mashine, na kwa mwenzako asiye na kadi hiyo itagoma kuwaka. Toa ISO (faili la kusakinishia) na mafolda ya pamoja. Saa iweke mapema:

timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Hatua ya 2: kufuta utambulisho

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye Ubuntu Server, systemd-networkd (huduma inayosimamia mtandao) huomba anwani ya IP kwa kutumia namba iliyomo ndani ya /etc/machine-id, si MAC (namba ya kadi ya mtandao). Kwenye NAT hutaona kasoro. Siku ya zoezi, wanafunzi wakihamia "Bridged" kwenye ruta moja, nakala zote zitajitambulisha kwa namba ileile na kugombea anwani moja. Utabadilisha MAC mpaka uchoke.

Funguo za SSH nazo zisigawanywe, maana mwenye nakala moja anaweza kujifanya mashine ya jirani. Ila ukizifuta tu, SSH haitawaka. Tengeneza kwanza /etc/systemd/system/funguo.service:

[Unit]
Before=ssh.service
[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/bin/ssh-keygen -A
[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha, ukiwa root (msimamizi mkuu) kwenye dirisha la mashine yenyewe:

systemctl enable funguo
chage -d 0 mwanafunzi
apt clean
dd if=/dev/zero of=/sifuri bs=1M; sync; rm /sifuri
rm /etc/ssh/ssh_host_*
truncate -s 0 /etc/machine-id
poweroff

Amri ya chage humlazimisha mwanafunzi kubadili nywila anapoingia mara ya kwanza. Ile ya dd itaishia na "No space left on device", ndivyo inavyotakiwa. Sifuri hubanwa vizuri, kwa hiyo OVA hupungua sana, lakini acha nafasi ya GB 20 kwenye laptopu yako, diski pepe inaweza kunenepa. Faili la machine-id liache tupu, usilifute: lisipokuwepo, namba mpya inaweza kukosa pa kuhifadhiwa.

Ukishazima, usiiwashe tena hata kwa kuchungulia. Ikiwaka inajipa utambulisho mpya, nawe unarudia amri tatu za mwisho.

Hatua ya 3: kufungasha

VBoxManage export darasa -o darasa.ova --options manifest,nomacs
sha256sum darasa.ova

Hapo "darasa" ni jina la mashine, na sha256sum hutoa namba ya kuthibitisha kuwa faili limefika zima. Kwenye Windows, mpokeaji analinganisha namba hiyo kwa certutil -hashfile darasa.ova SHA256. Usiruke hili kama fleshi zinakwenda Pangani au Lushoto. Faili lililokatika njiani hugundulika huko huko, wewe ukiwa mbali. Fleshi iwe exFAT, kwa kuwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

Hatua ya 4: majaribio

Ingiza OVA mara mbili kwenye laptopu nyingine, hamishia zote "Bridged", washa pamoja, kisha linganisha cat /etc/machine-id na ip a. Vikifanana, rudi hatua ya 2.

Mpokeaji akikutumia picha yenye VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED, OVA yako haina tatizo: aingie BIOS (mipangilio ya laptopu kabla mfumo haujawaka) awashe VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe.