Namna ya kupanga kazi ndefu katika Word: mitindo na mpangilio wa vichwa

Mwanafunzi wa Bukavu anayeandika mémoire yake (kazi ya kuhitimu chuo kikuu) kwa kawaida huanza kwa kuchapa moja kwa moja: anaandika kichwa cha sura, anakikoleza, anakikuza hadi ukubwa wa 16, anakiweka katikati ya mstari, kisha anaendelea na aya zake. Kwa kazi ya kurasa tano njia hiyo haina ubaya. Kwa kazi ya kurasa themanini huleta taabu siku ile msimamizi anapoagiza kwamba sehemu ya pili ya sura ya kwanza ihamie sura ya tatu, kwa sababu kompyuta haijui kwamba maneno yale yaliyokolezwa ni kichwa. Kwayo ni aya kama aya nyingine, ila herufi zake ni kubwa. Mtindo (style), yaani umbo lenye jina unaloipa aya, ndio unaoiarifu kompyuta kwamba hiki ni kichwa cha sura, hiki ni cha sehemu, na haya ni maandishi ya kawaida. Kompyuta ikishajua hivyo, hesabu za vichwa, orodha ya yaliyomo na uhamishaji wa sehemu huwa kazi yake.

Majina ya vitufe ninayoyataja hapa ni ya Word ya Kifaransa, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za mjini kwetu. Anayetumia LibreOffice Writer atakuta mambo yaleyale: kitufe cha F11 humfungulia mitindo, na F5 humfungulia dirisha linaloonyesha vichwa vyote.

Vichwa kwanza, maandishi baadaye

Fungua faili jipya na uandike vichwa peke yake, kila kimoja katika mstari wake: utangulizi, sura, sehemu za kila sura, hitimisho, vitabu vilivyotumiwa. Kisha weka kishale kwenye kichwa cha sura, nenda "Accueil", na katika kundi la "Styles" ubofye "Titre 1". Vichwa vya sehemu vipe "Titre 2", na vijisehemu vyake "Titre 3". Word ina ngazi tisa za vichwa, lakini tatu zinatosha karibu kazi zote za chuo kikuu. Anayejikuta katika ngazi ya tano ana tatizo la mpango, wala si la kompyuta. Rangi ya buluu ambayo Word huenda ikavipa vichwa hivyo isikusumbue kwa sasa, maana itaondolewa baadaye mara moja tu.

Sasa nenda "Affichage" ubofye "Plan". Utaona vichwa vimejipanga kwa ngazi, cha chini kikiwa kimesogea ndani ya kile cha juu. Weka kishale kwenye kichwa chochote, shikilia Alt na Maj pamoja, kisha ubonyeze mshale wa kulia ili kukishusha ngazi moja, au wa kushoto ili kukipandisha; mshale wa juu na wa chini hukihamisha mahali. Ukitaka sehemu nzima ihame, ikunje kwanza kwa kubofya mara mbili alama ya kujumlisha iliyo mbele ya kichwa chake, ndipo uihamishe, nayo itaondoka na aya zake, majedwali yake na tanbihi zake zote. Baada ya kufunga "Plan", weka alama kwenye "Volet de navigation" palepale katika "Affichage". Vichwa vitakaa upande wa kushoto wakati wote unapoandika. Ukibofya kimoja unafika kwenye ukurasa wake, na ukikikokota kwa kipanya, sehemu yake yote inakifuata.

Ni vema mpango huu wa vichwa umfikie msimamizi kabla ya kuandika aya hata moja. Kubadilisha mistari ishirini ni kazi ya dakika chache, na hoja isiyokaa mahali pake huonekana upesi zaidi katika mistari hiyo kuliko katika kurasa themanini zilizokwisha chapwa.

Mwonekano wa maandishi

Chuo kinapodai Times New Roman ya 12 na nafasi ya mstari mmoja na nusu, usichague maandishi yote na kuyabadilisha kwa mkono. Bofya mtindo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Modifier", na upange humo. Aya zote zenye mtindo huo zitabadilika kwa pamoja. Angalia jambo moja: vichwa vimejengwa juu ya "Normal", kwa hiyo baadhi ya mabadiliko utakayoifanyia "Normal", kama vile aya kuanzia ndani kidogo, huweza kuvifikia. Kwa sababu hiyo napendelea aya za maandishi zipewe "Corps de texte", na "Normal" iachwe ilivyo.

Sura ianzie ukurasa mpya, lakini si kwa kubonyeza Entrée mara kumi na tano. Katika "Modifier" ya "Titre 1", fungua "Format", kisha "Paragraphe", kisha "Enchaînements", na uweke alama kwenye "Saut de page avant". Palepale hakikisha kwamba "Paragraphes solidaires" ina alama, ili kichwa kisibaki peke yake chini ya ukurasa huku aya yake ikiwa ukurasa unaofuata.

Hesabu za vichwa, na ile sifuri ya utangulizi

Hesabu usiziandike kwa mkono. Katika "Accueil" fungua orodha yenye ngazi nyingi, "Liste à plusieurs niveaux", uchague ile iliyokwisha unganishwa na "Titre 1", "Titre 2" na "Titre 3", kisha urekebishe namba ziwe za Kirumi kwa sura, na I.1 kwa sehemu.

Ugumu uko kwenye utangulizi, ambao katika kazi nyingi za huku kwetu huhesabiwa 0.1, 0.2, 0.3, wakati Kirumi hakina sifuri. Suluhisho langu ni kuunda mtindo mpya uliojengwa juu ya "Titre 2", kuuondolea hesabu, na kuandika hizo 0.1 kwa mkono, kwa kuwa ni chache na hazihami. Word ikijaribu kuzigeuza orodha, bonyeza Ctrl+Z. Fanya vivyo hivyo juu ya "Titre 1" kwa ajili ya utangulizi wenyewe, hitimisho na vitabu vilivyotumiwa. Mitindo hiyo mipya hurithi ngazi ya ile ya awali, na hivyo itaingia katika orodha ya yaliyomo.

Orodha ya yaliyomo

Nenda "Références", kisha "Table des matières". Desturi ya Kifaransa huweka orodha kamili mwishoni na "sommaire" fupi mwanzoni. Zote mbili hutoka katika vichwa vilevile, moja ikionyesha ngazi tatu na nyingine ngazi moja. Word ikikuuliza kama orodha ya kwanza ibadilishwe na ya pili, kataa. Kila baada ya marekebisho bofya orodha, bonyeza F9, na uchague kusasisha orodha nzima, si namba za kurasa pekee.

Anayempa mchapaji wa sekretariati (duka la kuchapisha kazi za watu) kazi iliyoandikwa kwa kalamu ampelekee pia, kwenye fulashi, faili lenye vichwa vilivyokwisha pangwa, na amwombe achape chini ya kila kichwa. Anayelipwa kwa ukurasa hana sababu ya kukupangia mitindo. Maandishi yanayotoka WhatsApp au katika faili la mwenzako yabandikwe kwa "Conserver uniquement le texte", la sivyo yataingia na mitindo yao.

Kabla ya kwenda kuchapa kwenye karatasi, bonyeza Ctrl+A kisha F9, pitia orodha ya yaliyomo kwa macho, halafu uhifadhi nakala ya PDF. Katika "Options" za PDF, agiza alamisho zitengenezwe kutokana na vichwa, ili msomaji aweze kuruka kutoka sura hadi sura hata kwenye simu. Mchapishaji mpe PDF hiyo, kwa kuwa kompyuta yake ikikosa fonti yako faili la Word linaweza kuvurugika kurasa.